Dola zangu 15 kwa mwezi zinaenda kwa nani?

"Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka tisa Pennsylvania, uraia nimeupata mwaka jana. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja alibisha hodi, akanieleza habari za mito na hewa wanayovuta watoto wetu, nikampa namba ya kadi. Juzi napekua taarifa ya benki nakuta dola 15 zinakatwa kila mwezi. Wakati wa uchaguzi nilipokea barua na meseji za kumsifu mgombea mmoja na kumponda mwenzake. Shemeji yangu ananicheka: anasema vikundi hivi vya mazingira ni mali ya mabilionea, ni tawi la Democrat, na ndio hao hao waliotaka bomba la mafuta la kwetu Tanga lisijengwe. Nilipoanza kutoa nilikuwa na grini kadi tu. Mdogo wangu aliye na viza ya masomo naye alitoa dola 20. Je, tumevunja sheria? Na je, nimekuwa nikilipia siasa za watu huku nikidhani nalinda mito?"

Dada yangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi, mengine yasubiri. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuchangia uchaguzi wa Marekani. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, haimhesabu mkazi wa kudumu kuwa mgeni katika jambo hili. Ulichokatazwa wakati ule ni kujiandikisha na kupiga kura. Kwa hiyo wewe huna kosa, hata kama kila senti ilikwenda kwenye kampeni. Habari ya mdogo wako ni nyingine, nitaifikia.

Sasa shemeji. Hajakosea moja kwa moja. Matajiri wapo, tena wakubwa, na pesa za uchaguzi za vikundi hivi kwa sehemu kubwa sana huenda upande mmoja. Alipoteleza ni pale anapovifanya vikundi vyote kuwa kimoja na pesa zote kuwa za aina moja. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa vitabu vya hesabu vya asasi, na nimejifunza kwamba swali la "nani yuko nyuma yao" halijibiki mpaka uulize kwanza pesa iliingia mfuko upi.

Kundi kubwa la mazingira Marekani huwa ni nyumba yenye vyumba vitatu chini ya bati moja. Chumba cha kwanza ni asasi ya hisani iliyo chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi; sisi wa fani huita "c-tatu". Ukitoa humo, mchango wako unaweza kukupunguzia kodi. Kwa sababu ya nafuu hiyo, tangu 1954 asasi ya namna hii imekatazwa kabisa kumpigia debe mgombea au kumpinga. Inaweza kuelimisha, kwenda mahakamani, kununua ardhi ya hifadhi, kuandikisha wapiga kura bila kuegemea chama, hata kuwashawishi wabunge kwa kiwango fulani. Mgombea ndiye asiyeguswa.

Chumba cha pili ni "c-nne", yaani 501(c)(4). Huku hupunguziwi kodi, ila wenyewe wanaruhusiwa kuingia kwenye uchaguzi mradi isiwe ndiyo shughuli yao kuu. Hiki ndicho chumba chenye pazia zito. Kwa kawaida hakilazimiki kutaja hadharani nani kakichangia, na tangu 2020 hakilazimiki hata kuandika majina hayo kwenye fomu inayokwenda mamlaka ya kodi, IRS.

Cha tatu ni kamati za kisiasa, PAC. Ya kawaida ina ukomo: mtu mmoja haipi zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Kisha zikaja super PAC, baada ya hukumu ya Citizens United ya Januari 2010 na nyingine ya mahakama ya rufaa iliyofuata Machi. Hizi hupokea bila ukomo, mradi zisipange matumizi yake pamoja na mgombea. Majina ya wachangiaji hutajwa, lakini mchangiaji anaweza kuwa c-nne, na c-nne haitaji wa kwake. Hapo ndipo unyayo unapopotea.

Chukua League of Conservation Voters, LCV, iliyoanza 1970. LCV yenyewe ni c-nne. LCV Education Fund ni c-tatu. LCV Victory Fund ni super PAC. Kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hicho ni kitu kimoja. Kisheria ni vitatu, na sentensi moja ndogo kwenye fomu uliyosaini ndiyo iliyoamua dola zako ziingie wapi.

Usidhani mpango huu wa vyumba ulianza kama hila. Sierra Club ilianzishwa na John Muir na wenzake San Francisco mwaka 1892, na kwa miongo mingi ilikuwa chama cha wapanda milima wenye adabu zao. Mwaka 1966 ikanunua kurasa nzima kwenye New York Times na Washington Post kupinga mabwawa yaliyopangwa kujengwa Grand Canyon. IRS haikuchelewa: ikasema huku ni kushawishi Bunge, na nafuu ya kodi ikaondolewa. Cha kuchekesha ni kwamba adhabu ile iliwapa umaarufu, wanachama wakamiminika, na mabwawa hayakujengwa. Tangu hapo Sierra Club ni c-nne, na kando yake ipo Sierra Club Foundation ambayo ni c-tatu. Baada ya kutolewa kwenye chumba chenye masharti, ikagundua chumba cha pili kina uhuru zaidi. Mwaka 1984 ikamuunga mkono mgombea urais kwa mara ya kwanza, Walter Mondale, ambaye Reagan alimshinda katika majimbo 49. Mwanzo wa mkosi, ungesema.

Je, ni tawi la Democrat? Mwaka 1970 swali hilo lisingeeleweka. Rais wa Republican, Nixon, alitia saini sheria kuu ya mazingira siku ya kwanza ya mwaka ule, na kabla mwaka haujaisha akaunda EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira. Sheria ya hewa safi ilipita Seneti kwa kura 73 kwa sifuri. Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka ilipita Bunge la Wawakilishi mwaka 1973 kwa kura 355 dhidi ya 4. Linganisha na Agosti 2022, ilipopita sheria kubwa kuliko zote za tabianchi nchini humo: hakuna Republican hata mmoja, kwenye Bunge wala Seneti, aliyeipigia kura.

Katikati ya miaka hiyo kitu kilikatika, na pesa zilishika kisu pande zote mbili. Mwaka 2008 Americans for Prosperity, kikundi kilichojengwa kwa msaada wa ndugu matajiri wa familia ya Koch, walianza kuwasainisha wanasiasa ahadi ya kutokubali sheria yoyote ya tabianchi inayoongeza mapato ya serikali, na mamia walisaini. Mwanasiasa wa Republican aliyependa mazingira alikuwa anahatarisha kura za mchujo ndani ya chama chake. Upande wa pili, vikundi vya mazingira vilizoea chama kimoja. Mwaka 2006 Sierra Club na LCV zote zilimuunga mkono Lincoln Chafee, seneta wa Republican wa Rhode Island, lakini alishindwa. Susan Collins wa Maine aliungwa mkono na LCV mwaka 2014, na mwaka 2020 LCV ile ile ikamuunga mkono mpinzani wake. Waulize wao, watakwambia ni Collins aliyebadilika. Waulize Republican, watakwambia hiyo ndiyo shukrani ya punda. Mimi naona wote wana hoja. Ila ukiniuliza leo kama fedha za uchaguzi za LCV ni za upande mmoja, nitakujibu ndiyo, kwa uwazi, na wao wenyewe hawafichi: mwaka 2020 walijivunia kutumia zaidi ya dola milioni 100 na vikundi vyao ndugu.

Tuje kwa mabilionea, maana hapa ndipo penye mafundisho. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na kampeni kubwa za mazingira zimeundwa kwa fedha za watu wachache kuliko barua za "wanachama wetu" zinavyoonyesha.

Kisa cha kwanza kinakuhusu wewe na mimi kama wahamiaji. David Gelbaum, mtaalamu wa hisabati aliyetajirika kwenye masoko ya fedha, aliipa Sierra Club zaidi ya dola milioni 100, kwa siri. Ilipojulikana mwaka 2004, alikiri kwa Los Angeles Times kwamba katikati ya miaka ya 1990 alimwambia kiongozi wa chama: mkijitangaza kuwa wapinga wahamiaji, hamtapata dola yangu hata moja. Wakati huo kulikuwa na mvutano mkali ndani ya chama, wengine wakisema wahamiaji wanaongeza idadi ya watu na kuharibu mazingira. Mwaka 1996 bodi ikaamua kutokuwa na msimamo kuhusu uhamiaji. 1998 wanachama wakapiga kura na kuukubali uamuzi huo. 2004 kundi la wapinga wahamiaji likajaribu kuiteka bodi, likabwagwa. Matokeo hayo tunayapenda. Lakini tazama utaratibu wake: mtu mmoja asiyejulikana kwa wanachama alikuwa ameshasema neno lake kabla hawajapiga kura. Siwezi kukwambia kura ingekuwa tofauti bila yeye. Nakwambia tu kwamba waliopiga kura hawakujua nani mwingine yuko chumbani.

Kisa cha pili ni cha jimbo lako. Kati ya 2007 na 2010 Sierra Club ilipokea zaidi ya dola milioni 25 kwa ajili ya kampeni dhidi ya makaa ya mawe, nyingi zikitoka kwa Aubrey McClendon, bosi wa kampuni ya gesi ya Chesapeake Energy. Makaa yakipungua, gesi inauzika. Miaka hiyo hiyo Chesapeake ilikuwa ikichimba visima Pennsylvania kwa kupasua miamba kwa maji ya shinikizo, na wanachama wa kawaida wa Sierra Club wa huko walikuwa wanapiga kelele kuhusu maji yao. Makao makuu yaliimba sifa za gesi kama daraja la kuvukia. Mkurugenzi mpya, Michael Brune, aliingia 2010, akakataa kuendelea kupokea, lakini umma ulikuja kujua Februari 2012 tu, jarida la Time lilipoandika habari hiyo.

Kama kuna kisa kimoja cha kumsimulia shemeji ni hicho, kwa sababu kinaharibu hadithi yake na ya wapinzani wake kwa pamoja. Mfadhili hakuwa mwana mazingira wala Democrat mwenye itikadi, alikuwa mchimba gesi. Na hakuna mtu aliyelipwa aseme uongo: makaa ya mawe kweli yanaua watu kwa moshi. Kilichonunuliwa kilikuwa kimya kuhusu jambo la pili. Katika miaka yangu ya kukagua vitabu ndivyo nilivyoona mara nyingi, hata kwa asasi ndogo za kwetu. Mfadhili mwerevu haandiki sentensi kwenye ripoti yako. Anachagua sura ipi iwe nene na ipi isiandikwe kabisa.

Wengine nitapita haraka. Michael Bloomberg alitoa dola milioni 50 kwa kampeni ile ile ya makaa mwaka 2011, baada ya fedha za McClendon kukataliwa. Wakati huo hakuwa Democrat, alikuwa meya wa New York asiye na chama, aliyeingia madarakani kwa tiketi ya Republican. Makaa yalitoa karibu nusu ya umeme wa Marekani mwaka 2005, na 2023 yalibaki kama asilimia 16. Kampeni hupenda kujipa sifa zote. Ukweli ni kwamba gesi rahisi ndiyo iliyoyaua zaidi, na wanasheria wa kampeni walimalizia. Tom Steyer, ambaye mfuko wake wa uwekezaji wa Farallon uliwahi kuweka fedha kwenye makaa, alitoa takriban dola milioni 74 mwaka 2014 na kulenga mashindano saba ya uchaguzi, likiwemo la gavana wa Pennsylvania. Wagombea aliowaunga mkono walishinda matatu, wakashindwa manne. La jimbo lako walishinda, ingawa gavana aliyekuwepo alikuwa ameshachokwa hata bila dola za Steyer. Kwa hiyo anayesema tajiri ananunua uchaguzi kama anavyonunua sahani ya pilau, akumbuke hesabu hiyo.

Anayestahili kuangaliwa zaidi ni Hansjörg Wyss, tajiri Mswisi. Mwaka 2018 aliahidi dola bilioni moja kulinda ardhi na bahari duniani. Lakini c-nne yake, Berger Action Fund, pia imetoa zaidi ya dola milioni 200 kwa Sixteen Thirty Fund, chungu kikubwa cha fedha za mrengo wa kushoto kinachosaidia mambo mengi, mazingira yakiwa mojawapo tu. Sheria inamkataza mgeni kuchangia wagombea. Haimkatazi kuipa c-nne fedha za kazi nyingine. Dola zikishaingia chungu kimoja, utazitenganishaje? Wenyewe husema wanaweka masharti kwa maandishi kwamba fedha zake zisiguse uchaguzi. Kama mhasibu naelewa jibu hilo; kama mwananchi silali nalo. Chungu kama hicho pia huweza kuzaa vikundi vyenye majina ya kimtaa, utadhani ni majirani zako wamekutana jikoni.

Upande wa pili wa barabara hali si safi zaidi. Mwaka 2021 mfanyabiashara Barre Seid alikabidhi hisa za kampuni yake, zilizouzwa kwa dola bilioni 1.6, kwa mfuko wa Leonard Leo, mwanaharakati wa kihafidhina. Sekta ya mafuta na gesi hutumia zaidi ya dola milioni 100 kila mwaka kushawishi wabunge Washington, na hiyo ni ile inayoripotiwa tu. Shemeji akilaani fedha za siri nitamuunga mkono, mradi azilaani zote.

Kuhusu bomba la Tanga. Kundi moja la kimataifa lililoonekana sana kwenye kampeni dhidi ya bomba la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, ni 350.org, lililoanzishwa 2008 na Bill McKibben na wanafunzi wake. Miongoni mwa wafadhili wake wamo Rockefeller Brothers Fund, fedha ambazo asili yake ni mafuta ya Standard Oil. Mfuko huo ulitangaza 2014 kuondoa uwekezaji wake kwenye makaa na mafuta. Najua jinsi hilo linavyosikika masikioni mwa kijana wa Tanga anayetafuta ajira. Lakini usimruhusu shemeji aruke hatua. Waliosema kwanza kuhusu fidia za mashamba ni wakulima na asasi za Uganda, kama AFIEGO, ambayo ilikuwa kati ya asasi 54 zilizosimamishwa na serikali ya Uganda Agosti 2021. Mkulima aliyecheleweshewa fidia hawi mwongo kwa sababu kipaza sauti kimelipiwa na Rockefeller. Na kama dola zako ziliingia LCV au kikundi cha mito cha Pennsylvania, hazikwenda Chongoleani.

Sasa kazi ya mikono. Tafuta barua pepe ya shukrani ya siku ile ya kwanza, na usome maandishi madogo ya chini. Ukikuta imeandikwa mchango unapunguziwa kodi, ni c-tatu, na barua za kumponda mgombea hazikulipiwa na dola zako. Ukikuta haupunguziwi kodi, ni c-nne. Sheria inawalazimisha kukwambia hivyo. Ukikuta "imelipiwa na" ikifuatiwa na jina la kamati, na kwamba haikuidhinishwa na mgombea yeyote, ni kamati ya kisiasa. Tazama pia kama risiti imepitia ActBlue, jukwaa la michango la upande wa Democrat. Lenyewe huripoti kwa FEC kila mchango wa kisiasa unaopita kwake, hata wa dola 5, kwa hiyo jina lako linaweza kuwa kwenye tovuti ya FEC, na utalipata kwa kulitafuta hapo. Kamati nyingine huanza kukuorodhesha ukivuka dola 200 kwa mwaka. 15 mara 12 ni 180, hujafika.

Kisha tafuta fomu 990 ya kikundi chako. Ni nyaraka ya umma na ni bure. Wengi huishia kwenye mshahara wa mkurugenzi. Wewe nenda Jedwali R, linalotaja asasi ndugu, yaani vyumba vya nyumba ile, na Jedwali C, linaloonyesha fedha za siasa na ushawishi. Majina ya wafadhili hutayaona humo. Njia ninayotumia mimi ni kuanzia upande wa pili: mifuko binafsi ya matajiri hujaza 990-PF, na humo hulazimika kutaja kila ruzuku waliyotoa. Andika jina la kikundi chako kwenye kitafutio cha fomu hizo na utashangaa. Haitakupa wote, maana watu binafsi wanaotoa moja kwa moja kwa c-nne hawatajwi, lakini itakupa picha.

Uendelee kutoa au uache? Kama ulitaka mito na si kampeni, hamishia dola 15 zako kwenye c-tatu ndogo inayopima maji ya mto unaoujua kwa jina. Mimi nafanya hivyo. Nikitilia shaka jambo, naenda kwenye mkutano wao na kuuliza, na kiti hakijawahi kukosekana. Kama unaamini sheria ndizo zinazolinda mito na wanasiasa ndio wanaozitunga, basi c-nne si dhambi, na kutoa ukijua ni tofauti kabisa na kutoa ukidhani vingine. Hasara ya kujitoa ni kwamba kikundi kinachopoteza watu wa dola 15 huzidi kuwategemea wa dola milioni 15. Hasara ya kubaki ni kwamba sauti yako humo ni ndogo sana. Hilo siwezi kukuamulia. Ila wakikatalia kukuambia dola zako ziliingia chumba kipi, funga kadi siku hiyo hiyo.

Kama uliwahi kudai nafuu ya kodi kwa mchango uliokwenda c-nne au kamati, mpelekee mhasibu aliyesajiliwa arekebishe fomu. Watu wengi hawaorodheshi makato yao, kwa hiyo huenda huna la kurekebisha. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha anaweza kudai hadi dola 1,000 za michango ya fedha, 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, lakini kwa asasi za hisani tu. Hapo tofauti ya c-tatu na c-nne itakugusa mfukoni.

Mdogo wako. Viza ya masomo inamfanya kuwa mgeni mbele ya sheria ya uchaguzi, kwa hiyo haruhusiwi kuchangia mgombea, chama wala kamati yoyote, hata dola moja. Kama 20 zake ziliingia c-tatu, au kazi za kawaida za c-nne, hakuna kosa. Kama ziliingia PAC, awaandikie leo kwamba si raia wala mkazi wa kudumu, aombe arudishiwe, na atunze barua yake na jibu lao. Kisha, kabla hajajaza fomu nyingine yoyote ya uhamiaji, akae ana kwa ana na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, akiwa na risiti mkononi. Asiende kwa yule jamaa wa kujazia watu fomu nyuma ya duka la simu, na asinitegemee mimi: mimi ni mtu wa hesabu. Muulizeni wakili pia, mkiwa hapo, kama mdogo wako aliwahi kujazishwa karatasi ya kujiandikisha kupiga kura na hao waliokuwa wakipita mlangoni. Hilo ni zito kuliko dola 20.